Barua Niliyoiandika kwa Mkono wa Kushoto

Mwalimu mkuu wenu ameniomba niwaandikie ninyi mnaosomea ualimu wa dini, eti msije mkatumwa vijijini mkiwa watupu. Nilimwambia sina hekima ya kugawa, nina makosa tu, tena ya zamani. Akasema yatafaa. Basi someni, na mwenye kusinzia asinzie kwa adabu. Nimefundisha dini miaka thelathini na naweza kutofautisha kichwa kinachoitikia na kichwa kinachoanguka.

Nianze na kitu mlichokiona wenyewe. Juzi mlipokuja kunihamishia vitu vyangu, mmoja wenu alifungua sanduku langu la mbao akakuta nakala kumi za Barua ya Pili kwa Wathesalonike, zote zimeandikwa vibaya, herufi zimelala huku na huku. Nikasikia mkinong'onezana kwamba kumbe mzee alijifunza kuandika kwa shida. Sikusema kitu, nilikuwa nimewaombeni mbebe sanduku na nilihitaji mgongo wenu. Lakini mwandiko wangu ni mzuri kuliko wa yeyote kati yenu, na aliyenong'ona anajijua. Nakala zile niliziandika kwa mkono wa kushoto, na sababu yake ndiyo nitakayowaambia.

Wakati wa Wadachi hatukuwa na Maandiko kwa Kiswahili huku milimani. Tulikuwa na Padre, na Padre alikuwa na kitabu cha Kilatini. Tulimwita Padre Miwani, si mbele yake. Kila Alhamisi nilishuka misheni nikaketi mezani kwake. Yeye anasoma mstari kimyakimya, anafumba macho, anautoa kwa Kiswahili, mimi naandika kwenye daftari. Akikosa neno ananiuliza mimi. Nikilikosa na mimi, tunamuuliza mpishi, mtu wa Bagamoyo, Mwislamu safi, aliyejua Kiswahili kuliko sisi wawili tukiunganishwa. Kwa hiyo wapo watu wanaojivuna kwamba walipokea neno moja kwa moja kutoka juu. Letu sisi lilipita jikoni kwanza.

Ijumaa napanda kurudi kijijini kwetu, juu ya Mgeta. Saa nne za miguu kama hakuna mvua, saa sita kama ipo, na huku mvua huwa ipo. Shikeni hili, maana vyuoni hamfundishwi: daftari lifungeni katika jani la mgomba, lakini jani bichi hupasuka. Lipitisheni kwanza juu ya moto lilegee, ndipo mfunge, na maji hayataingia hata mkiteleza mtoni. Wino ukizizima kwa baridi, wekeni kichupa kwapani. Na mkisoma mbele ya watu mahali pa mteremko, simameni upande wa juu. Mwaka wangu wa kwanza nilisimama upande wa chini, nikawatangazia ndege wa bondeni habari za wokovu huku wanafunzi wangu wakiulizana nimesema nini.

Wanafunzi hao walikuwa watu wazima kama ishirini, wakijiandaa kwa ubatizo wa Pasaka. Padre alikwishaniambia waziwazi: "Kabla ya Pasaka nitapanda kuwapima mwenyewe. Wakishindwa wao, umeshindwa wewe, na utarudi kulima." Nilikuwa kijana, nilikuwa na kanzu nyeupe na kengele, yaani kipande cha chuma cha reli nilichokining'iniza kwenye mti, na sikutaka kabisa kurudi kulima.

Somo tulilopewa mwaka ule lilikuwa barua za Mtume kwa Wathesalonike, za imani na siku za mwisho. Nawaonya: hakuna somo gumu kufundisha mbele ya wakulima kama siku za mwisho. Msomi atakuuliza maana yake. Mkulima atakuuliza ni kabla au baada ya mavuno, na anangoja jibu kwa sababu ana mbegu nyumbani. Siku niliposoma kwamba Bwana atakuja ghafla, kama mwizi anavyokuja, Mzee Mloka aliinua mkono. Mzee Mloka alikuwa mkuu wa ukoo mkubwa pale kijijini, mtu mwembamba mwenye sauti ya taratibu, aliyekuja darasani, kwa maneno yake mwenyewe, kusikiliza tu.

"Mwalimu," akasema, "mwizi kwetu tunampiga. Huyo Bwana amearifiwa?"

Nikaeleza kwamba ni mfano. Akasema mfano mbaya huo, mtu mkubwa angetanguliza mjumbe. Nikasema mjumbe ndiye huyu Mtume, na barua ndiyo hii. Nilidhani nimemweza.

"Sawa," akasema. "Imeandikwa kwa nani?"

"Kwa Wathesalonike, Mzee. Watu wa mji mmoja wa mbali, wa pwani."

"Na wewe na Padre mnasoma barua ya watu wengine. Wenyewe wana habari?"

Watu wakacheka kidogo. Mimi nikaona nimalize mambo kwa haraka, nikasema barua ile ni ya wote waaminio, hata sisi, ni kama tumeandikiwa sisi wenyewe. Hapo nikajifunga kamba. Mzee Mloka akawageukia wenzake.

"Mmesikia. Barua ni yetu. Imetufikia. Sasa jibu lake liko wapi?"

Ninyi wa siku hizi mnapokea barua mnaiweka dirishani mwezi mzima. Kwetu wakati ule neno likiletwa, aliyelileta alikula, akalala, na hakuondoka bila neno la kurudi nalo, hata kama ni "tumesikia" tu. Kumwacha mjumbe arudi mikono mitupu ilikuwa kumtukana aliyemtuma. Na sasa ikaonekana kijiji kizima kimeandikiwa na mtu mkubwa, amesalimia vizuri mwanzo wa barua, amesema anatukumbuka kila siku katika sala zake, na sisi tumekaa kimya tangu lini, hakuna ajuaye. Watu walisikitika kweli. Mama mmoja akauliza kama Mtume hatadhani tuna kiburi.

Nikaandika jibu. Mngefanyaje ninyi? Walizungumza mmoja mmoja, mimi natia wino. Salamu zilijaza ukurasa mzima, kwani kila mmoja alitaka jina lake liwepo. Kisha wakamwarifu Mtume kwamba mvua imechelewa, nguruwe wameingia kwenye mahindi, viazi ulaya alivyoleta Padre vimeshika vizuri, na kuhusu ile siku, wangependa asisahau kutanguliza mjumbe. Nilikuwa nakaribia kufunga pale Mama Kobelo aliposema, kutoka mlangoni alikokaa, "Na mimi nina neno."

Lazima niwaambie habari za Kobelo, maana yote yaliyofuata ni yake.

Kobelo alikuwa rafiki yangu. Tuliingia jando siku moja. Alikuwa na tabia hii: akianza kusimulia jambo la kuchekesha, anacheka mwenyewe kabla hajafika kwenye kichekesho, anainama, anashika mbavu, na sisi tunaangua kicheko bila kujua tunacheka nini. Mara nyingi kichekesho chenyewe hatukukisikia kabisa. Alioa msichana aitwaye Skola, kimila, kisha akaenda kufanya kazi ya reli ng'ambo ya Kilosa. Mwaka wa pili akaja mtu wa Mikese aliyefanya kazi pamoja naye. Akasema Kobelo alishikwa na homa, wakamlaza kando ya tuta la reli, na gari la mawe lilipoondoka wakaondoka nalo. Alipoulizwa, "Alikuwa amekufa?" akasema, "Alikuwa anapumua."

Hilo tu. Tukaletewa mkeka wake.

Mzee Mloka alikuwa mjomba wa Kobelo, ndugu wa mama yake, na kwetu sisi neno la mjomba ndilo neno. Alisema aliyeachwa akipumua si maiti, na ukimlilia aliye hai unamwua. Basi hakuna aliyelia. Miaka minne Mama Kobelo hakunyoa nywele za msiba kwa sababu hapakuwa na msiba, wala hakuvaa nguo yoyote ila kaniki ileile kwa sababu hapakuwa na furaha. Jina la Kobelo halikuweza kupewa mtoto mwingine wa ukoo. Skola akakaa, mke wa mtu asiyekuwapo. Gaspari, seremala wa Bigwa, mtu mpole, alipanda mlima mara tatu kuja kumposa, na mara tatu akashushwa na jibu moja. Padre alisema ndoa ilikuwa ya kimila, yeye anangoja neno la ukoo.

Na darasani Mama Kobelo hakukaa akinitazama mimi. Alikaa mlangoni, uso kwenye njia inayotoka bondeni.

"Andika hivi," akaniambia siku ile ya jibu. "Umesema tusihuzunike kwa ajili ya waliotangulia kufa, kwamba hawatakosa kitu siku ile. Nimefurahi. Ila mimi sijui mwanangu yuko wapi, kati ya waliotangulia au kati ya wanaorudi. Bwana kumngoja naweza, alisema atakuja. Mwanangu hakusema. Niambie nimngoje au niache."

Niliandika kama alivyosema.

Alhamisi nikampelekea Padre ile barua, nikijifanya naileta kama kichekesho. Alicheka akavua miwani kufuta machozi. Alipofika kwenye nguruwe aliita mpishi aje asikilize. Kisha akafika mwisho, akaacha kucheka. Akaikunja, akaiweka ndani ya kitabu chake cha sala.

"Waambie Mtume amekufa zamani sana," akasema.

Ilikuwa njia rahisi, nami sikuifuata. Nilipofika kijijini Mzee Mloka aliniuliza kama barua imeondoka. Nikawaza: nikisema aliyeandika amekufa, mzee huyu ataniuliza ahadi za marehemu anazitimiza nani, na darasa litaisha siku hiyohiyo, na Padre atanipa jembe. Nikasema imeondoka. Ilikuwa imeondoka kweli mkononi mwangu. Kuanzia hapo, kila Jumapili Mama Kobelo alinisalimia, akaniuliza habari za nyumbani, kisha akasema, "Njia ya huko ni ndefu, eh?" Nami najibu, "Ni ndefu, Mama." Wiki kumi na moja nilijibu hivyo. Vijana, uongo mdogo hula kuliko mbuzi, na hauchoki.

Kisha Gaspari akapanda mara ya nne. Alisema mbele ya watu kwamba hatapanda tena, si kwa hasira, bali miaka inakwenda. Skola alikuwa anamenya viazi. Hakuinua uso, ila kisu kilisimama. Mama Kobelo alimtazama mkwe wake kwa muda mrefu, kisha akanitazama mimi.

Kesho yake mchana nilifunga mlango, nikachukua kalamu kwa mkono wa kushoto, ili mwandiko usifanane na wangu wa ubaoni. Niliandika maneno machache, jasho likinitoka. Mtume aliwasalimu wote, akashukuru kwa habari za viazi. Halafu akasema: "Mama Kobelo, usimngoje tena. Kobelo yuko huku kwetu, kati ya waliotangulia. Anatusimulia mambo, na bado anacheka kabla hajamaliza. Fungueni msiba, mwacheni mkewe aende, na jina lake mpeni mtoto." Nilitia msalaba chini. Niliona nimeandika vizuri sana, hasa pale kwenye kicheko.

Halafu nikafanya upuuzi ambao hadi leo unanichekesha. Nilijua nitaulizwa barua imetoka wapi, nami nilitaka kusema imetoka Morogoro bila kusema uongo. Kwa hiyo niliivaa kifuani, nikashuka mlima hadi Morogoro, nikapita mbele ya boma, nikanywa maji, nikageuka nikapanda nayo tena. Siku mbili za miguu ili uongo wangu uwe na ukweli kidogo ndani yake. Karatasi ilirudi imelowa jasho, imekunjamana, inanuka safari. Hata mimi ningeiamini.

Niliisoma Jumapili. Mzee Mloka aliichukua, akaigeuza, akainusa.

"Imetoka mbali," akasema. Kisha akatamka lile neno lililongojwa miaka minne. "Mkubwa amejibu. Mwanetu amekufa. Lieni."

Wakalia. Sijasikia kilio kama kile, kilikuwa kimehifadhiwa muda mrefu mno. Mimi pia nililia, nikiwa nimesimama upande wa juu na daftari mkononi, maana na mimi sikuwa nimepata nafasi ya kumlilia rafiki yangu. Tulichimba kaburi tukauzika mkeka wake. Watani wetu wa Kizigua walikuja, na mmoja akajilaza ndani ya kaburi akasema hatoki mpaka apewe kuku, kwa sababu marehemu alikuwa akimchekesha kabla ya wakati. Akapewa kuku. Mama Kobelo akanyolewa. Skola akatolewa ujane, na baada ya mavuno akashuka Bigwa kwa Gaspari. Jina akapewa mtoto mchanga wa binamu yake. Na Jumapili iliyofuata Mama Kobelo aliingia darasani, akapita mlango, akaketi mbele, ananitazama mimi.

Nilidhani nimemaliza. Nilijisifu moyoni. Nilianza hata kumwona Mtume kama mwenzangu wa kazi.

Alhamisi moja Padre akasema, "Barua ya kwanza imekwisha. Sasa ya pili." Hiyo barua ya pili akida wetu, msimamizi wa serikali ya Wadachi, aliipenda baadaye kuliko Maandiko mengine yote, ingawa yeye alikuwa Mwislamu wa pwani. Kuna mahali Mtume anasema asiyetaka kufanya kazi asipewe chakula, na akida aliposikia hayo alitaka niyasome kila asubuhi mbele ya watu waliolazimishwa kutengeneza barabara. Nikamwambia Mtume alikuwa anawasema waliokaa kutazama wenzao wakifanya kazi. Akaacha kuniomba. Lakini turudi mezani.

Padre anafumba macho, anatafsiri, mimi naandika. Akasema, polepole, kwamba watu wasifadhaishwe na barua yoyote inayosemwa kuwa imetoka kwa Mtume, kumbe si yake. Kalamu ikasimama. Doa la wino likaenea kama yai lililovunjika. Padre akasema, "Umechafua karatasi," akaendelea. Na mwisho kabisa wa barua, Mtume anasema salamu hii ameiandika kwa mkono wake mwenyewe, na ndiyo alama yake katika kila barua, hivyo ndivyo aandikavyo. Jamani, mtu amekaa huko alikokuwa, miaka yote hiyo, akanitungia mtego mimi peke yangu.

"Hii utaisoma Jumapili ijayo," Padre akasema. "Nitakuwapo. Ndiyo siku ya kuwapima."

Nilifikiria kuruka mistari ile. Padre alikuwa ameitafsiri mwenyewe. Nilifikiria kuugua, lakini mwili wangu haukukubali hata kukohoa. Jumapili ikafika. Padre aliketi kwenye kiti pekee cha kijiji, miwani inang'aa. Nikasoma. Nilipofika pale kwenye barua za uongo sauti ilipungua yenyewe, Padre akasema, "Kwa sauti." Nikasoma kwa sauti. Nikasoma na ile alama ya mkono. Nikafunga daftari.

Mzee Mloka akainuka polepole.

"Padre," akasema, "sisi tumesikia vizuri. Kumbe kuna watu wanaandika kwa jina la mkubwa. Na sisi tunayo barua yake, ilitoka Morogoro. Ingekuwa vema tuilinganishe na alama hiyo, tusije tukawa tumezika mtu kwa barua ya mwizi."

Padre akageuka kunitazama. Mimi nilikuwa natazama miguu ya kiti chake. Nilijua hesabu yote: barua ikitolewa, si kanzu yangu tu itakayokwenda. Msiba utafutwa. Skola, ambaye alikuwa mjamzito Bigwa, atakuwa mke wa watu wawili. Mtoto atavuliwa jina. Na Mama Kobelo atarudi kukaa mlangoni.

"Barua iko kwa dada yangu," Mzee Mloka akasema. "Dada, itoe."

Mama Kobelo hakuinuka. Alijifunga nguo yake vizuri kiunoni, akajibu kwa utulivu kama anayeulizwa chumvi iko wapi.

"Nimeizika."

"Umeizika wapi?"

"Na mkeka wa mwanangu. Ilikuwa habari ya kifo chake, nikaona si kitu cha kukaa nacho nyumbani. Kaka, anayeitaka akachukue jembe akafukue kaburi. Mimi sitamzuia."

Mzee Mloka alitazama mikono yake. Huku kwetu hakuna mtu, awe Mkristo, Mwislamu au asiye na upande, anayefukua kaburi lililofunikwa, tena watani wakiwa wamelipwa kuku. Akakaa. Kisha akasema, "Basi, mkubwa amesema, na marehemu amepumzika." Padre akakohoa, akaanza kuwapima watu katekisimu. Walifaulu wote ila mimi, ambaye sikuulizwa.

Jioni ile, kabla hajashuka, nilimwendea Padre nikaungama. Mnajua siwezi kuwaambia yaliyosemwa pale, ila malipizi yangu naweza kuwaonyesha, na mmekwishayaona: kunakili Barua ya Pili mara kumi. Aliuliza tu niliandika kwa mkono upi. Nikamwambia. "Basi kwa huohuo," akasema.

Mnataka kuniuliza, je, kama Kobelo angerudi? Mnadhani sikujiuliza? Miaka mingi, kila nilipomwona mtu mrefu anapanda njia ile ya bondeni, moyo ulinipasuka kwa furaha, na papo hapo kwa hofu, na sijui kipi kilitangulia. Hakurudi. Siwaambii kwamba nilifanya vema. Nawaambia tu kwamba hakurudi, na kwamba ningetoa kanzu, kengele na mikono yote miwili ili arudi.

Lakini jambo lenyewe lililonifanya nishike kalamu ni la siku mbili baada ya lile darasa. Mama Kobelo aliniita nyumbani kwake. Nilikuta ameweka viazi mezani, akanikaribisha, nikala. Nilipomaliza akafungua pindo la nguo yake, akatoa karatasi iliyokunjwa, akaiweka mbele yangu.

"Mama," nikasema, "si ulisema umeizika?"

"Nilisema. Wewe ulisema njia ni ndefu. Chukua mwandiko wako."

Nikamuuliza amejua lini. Nilidhani atasema ni siku ile ya alama ya mkono, au labda wino wangu ulinisaliti. Alinitazama kama mtu anayemhurumia mwanafunzi mzito.

"Siku uliyoisoma," akasema. "Uliposoma kwamba anacheka kabla hajamaliza. Huyo Mtume wenu hakuwahi kumsikia mwanangu akicheka. Nikajua ni wewe." Akafuta meza kwa kiganja ingawa ilikuwa safi. "Miaka minne hakuna aliyelitaja jina lake mbele yangu, waliogopa kumwua. Nilidhani nimebaki peke yangu ninayemkumbuka. Kumbe na wewe upo."

Nilipotoka kwake niliichukua barua ile, na sikuichoma, ingawa Padre angependa. Imo ndani ya sanduku lilelile mlilobeba, chini ya zile nakala kumi. Mkilifungua tena, na najua mtalifungua, hizo kumi zisomeni mpendavyo, zina faida. Ya kumi na moja iacheni. Ile ina mwenyewe, na ilishamfikia.